Spika Chini ya Kaunta

Jumatatu, 4 Agosti

Assalaam alaykum, somo yangu Mgeni. Hujambo? Miguu je, ule uvimbe umepungua? Na upepo wa Pangani bado unakukohoza? Mimi mzima, alhamdulillah, isipokuwa nina aibu, na aibu haiuzwi dawa yake hata hapa Kariakoo. Ulisema niandike kila siku hata kama ni upuuzi, kurasa zikijaa nikutumie kwa basi. Haya. Upuuzi umepatikana.

Nimenunua spika. Mbili ndogo, nyeusi, za kompyuta. Zimekaa kushoto na kulia kwa kioo cha kompyuta kama masikio. Sababu ni Pantaleo, yule kijana wa Masasi anayeuza soksi mlangoni pa steshenari yangu. Mlangoni kabisa! Mteja wa fotokopi akitaka kuingia, aruke soksi kwanza. Na ana kipaza sauti cha betri, kimerekodiwa sauti yake mwenyewe, kinajirudia kutwa, jozi mia tano: Soksi jero! Usivae kiatu kama mkiwa! Soksi jero!

Nikawaza, yeye ana soksi, mimi nina mawaidha. Nitaweka mawaidha kwa sauti ya juu, wapita njia wavutike, soksi zinyamaze. Nia ilikuwa njema. Sehemu yake kubwa.

Nimewasha. Shehe ameanza vizuri, habari za jirani na haki zake. Mara: titi-titi-titi, titi-titi, krrrrr! Katikati ya aya! Mteja akaruka. Pantaleo akachungulia, akasema shikamoo mama, eti huyo shehe amemeza panzi?

Baraza zima likacheka. Nikaitika marahaba kwa meno.

Jumanne, 5 Agosti

Leo sikufanya kazi. Nimepigana.

Nimechomoa waya, nikarudisha. Nikabadilisha soketi. Ya kushoto nikaipeleka kulia, ya kulia kushoto. Nikazipangusa kwa kanga. Nikaomba foili kwa muuza chipsi wa jirani, nikazifunga zote mbili zikawa kama kuku wa safari. Titi-titi, krrrr! Kutoka ndani ya foili!

Hapo moyo wangu ukaenda kubaya. Kwa nini kelele iingie kwenye mawaidha tu? Ni kweli sijawahi kuweka kitu kingine. Lakini hilo sikulifikiria. Nikawasha chetezo, nikatia ubani, nikazivukiza spika huku nasoma Ayatul Kursiy. Kijana aliyekuja kupiga picha ya pasipoti alikaa kitini akalia machozi. Nikampiga hivyo hivyo. Akienda uwanja wa ndege watamuuliza amefiwa na nani.

Kelele ikaendelea. Basi si shetani, nikasema, ni Pantaleo. Nikatoka nje. Somo, nilisema mengi. Kwamba kipaza sauti chake kinaingilia spika zangu, kwamba anafanya makusudi, kwamba kwao hawakumfundisha jirani ni nani. Watu wakajaa. Pantaleo akaendelea kupanga soksi mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akakiinua kile kipaza sauti, akakigeuza, akakifungua tumbo. Kitupu! Betri ameipeleka kuchajiwa tangu asubuhi. Kutwa nzima hakikusema neno, na mimi kutwa nzima nilikuwa nakisikia.

Na nyuma yangu dukani, mbele ya watu wote: titi-titi-titi.

Muuza chipsi akaomba arudishiwe foili yake.

Je, nilimwomba Pantaleo radhi? Nilikohoa. Najua kukohoa si radhi. Usiniandikie kuniambia.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeijua!

Ni kitochi changu, hiki kisimu cha vitufe. Nilikuwa nimekilaza juu ya spika, navuta tasbihi nitulie. Spika ikalia titi-titi, kisha kitochi kikaita. Nikakata. Nikamwomba mama wa duka la vifungo anibipu. Titi-titi, kisha mlio. Tena. Titi-titi, kisha mlio. Kila mara spika inatangulia, kama mtu anayepiga hodi kabla ya mgeni kufika. Nikakipeleka kitochi kabatini, mbali. Akabipu. Spika kimya. Hizi simu kubwa za kupangusa hata hazileti neno, ni vitochi tu. Basi dawa ilikuwa kuweka simu mbali na spika, kwisha. Bila foili, bila ubani, bila kumvunjia heshima mtoto wa watu.

Ningeishia hapo leo ungesoma ukurasa mfupi wa mwanamke mwema.

Lakini akaingia Bi Sitara. Humjui. Ni mtu mzima, mama yangu kwa umri, anatembeza vitumbua kwenye hotipoti kuanzia Gerezani mpaka huku kwetu. Kila siku anaacha kitochi chake kwangu kichajiwe. Mwanawe Nurdin alizamia meli pale bandarini, kajificha humo akaenda nayo, kabla ya Ramadhani, na tangu hapo hajapiga simu. Hata kubipu. Kwa hiyo kile kitochi hakizimwi. Bi Sitara hukiweka kama mtu anavyoweka mtoto mgonjwa.

Leo amekiweka kwenye kaunta, karibu na spika. Titi-titi. Nami bila kufikiri nikamwambia, Bi Sitara, pokea simu. Akakitazama. Kimya. Kisha kikaita!

Alikuwa mtu wa shughuli anaagiza vitumbua. Lakini Bi Sitara hakupokea haraka. Alinitazama mimi. Tangu marehemu mume wangu aondoke sijatazamwa hivyo na mtu. Akaniuliza nimejuaje. Ningejibu: spika. Neno moja tu, hata mtoto anaweza kulitamka.

Nikamjibu, moyo tu umenituma, mama.

Moyo!

Alhamisi, 7 Agosti

Kariakoo haina haja ya gazeti. Duka limejaa tangu kufungua. Wapagazi, mama lishe, vijana wa mikokoteni, kila mmoja na kitochi chake, kila mmoja ghafla ana cheti cha kutoa kopi.

Nimezishusha spika chini ya kaunta, pembeni ya goti langu. Sauti ndogo kabisa. Kanga juu yake. Nasikia peke yangu. Nikisikia, nafumba macho kidogo, nagusa kaunta kwa kidole kimoja, nasema taratibu: hiyo inakuja. Halafu inakuja! Mpagazi mmoja amebusu mkono wangu. Nilipaswa kuuvuta. Niliuvuta, lakini kwa adabu, yaani polepole.

Sikusema kwamba najua ghaibu. Hilo ulishike, somo. Wakiniuliza nasema ajuaye ni Mungu. Ni kweli tupu. Kisha nanyamaza kwa namna fulani, na ndiyo ile namna inayonitia wasiwasi.

Hata Pantaleo amekuja. Shikamoo ya kuinama. Akataka kujua kama mchumba wake wa Masasi atampigia leo, maana wamenuniana. Nikamwambia avute subira. Mchumba hakupiga. Jioni Pantaleo akarudi, akasema kweli mama unajua, uliniambia subira na subira ndiyo niliyoipata.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Duka nimefunga mchana, nimekwenda darasa la akina mama. Mwalimu wetu angeweza leo kuzungumza juu ya udhu. Angeweza kuzungumza juu ya zaka. Amezungumza juu ya watabiri na wanaowaendea! Amesema anayemwendea mtabiri kumuuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku arobaini.

Nilikaa safu ya mbele. Mgongo wote moto. Si kwa ajili yangu tu. Nimewaza wale wapagazi, sala zao. Bi Sitara na sala zake za usiku! Nimewaharibia watu hesabu zao kwa Mola kwa sababu ya spika ya kompyuta.

Nikaapa kimoyomoyo: kesho nazitoa, nawaambia watu ukweli.

Wakati wa dua mwanamke wa pembeni akaniinamia. Nikadhani ananipa mkono. Ananong'ona, eti dada ni wewe wa simu? Akakisogeza kitochi chake kwenye goti langu. Msikitini! Nami, Mungu anisitiri, nilisikiliza kidogo.

Jumamosi, 9 Agosti

Sikuzitoa.

Nilikuja mapema kwa nia hiyo hasa. Nikamkuta Bi Sitara ameshafika, amekaa barazani na hotipoti yake. Kaingia nami, kakaa kwenye kiti cha kupigia picha. Akasema leo hatembezi. Atasubiri hapa, Nurdin akikaribia kupiga nimwambie, asije akawa barabarani kwenye kelele ikampita. Unamtoaje mtu kama huyo kitini?

Na kazi yenyewe imeanza kuniumbua. Vitochi vimekuwa vingi. Spika inalia, sijui ni cha nani. Nikamwambia kijana wa mkokoteni, yako hiyo, ikaita ya mama lishe. Nikasema basi mlivisogeza. Mara nyingine inalia halafu haiiti simu yoyote, nadhani kitochi kinatafuta mtandao, kinajikuna tu. Nikasema aliyetaka kupiga ameghairi. Wakakubali! Wakaulizana ni nani wao kaghairi. Mume na mke wametoka hapa wakigombana.

Alasiri wakapungua. Kikabaki kitochi cha Bi Sitara peke yake juu ya kaunta. Spika ikalia, ndefu, hata kanga ikatikisika. Nikasema, kwa furaha ya kweli kabisa, Bi Sitara, pokea!

Alikichukua kwa mikono miwili. Akakiweka sikioni kabla hakijaita. Akangoja, midomo imeshaanza kusema jina. Akangoja. Akangoja. Kikatoa mlio mmoja mfupi. Meseji. Macho yake hayaoni vizuri, akanipa nimsomee, akauliza, ni yeye?

Mpendwa mteja, shiriki sasa ujishindie pikipiki.

Nikamwambia ni watu wa mtandao, mama. Akakichukua kitochi, akakipangusa. Kisha akatabasamu, akasema basi njia imefunguka, wa mtandao wametangulia, yeye yuko nyuma.

Vitumbua vyote vimepoa. Nimevinunua. Siwezi kuvimeza.

Jumatatu, 11 Agosti

Mambo yamekuwa makubwa.

Amekuja Maimuna, binti yake Bi Sitara, kutoka Lindi. Mwanamke mpole, amevaa baibui la safari bado lina vumbi. Kumbe yale macho ya mama ni mtoto wa jicho. Moja limeshafungika, la pili linafuata. Wiki ijayo madaktari wa macho wanapiga kambi Lindi, jina la mama ameshaliandikisha, tiketi za basi ni Jumamosi. Wakikosa kambi hii, hajui nyingine lini.

Na Bi Sitara amekataa kwenda.

Maimuna amembembeleza siku nzima. Amemwambia mama, simu unakwenda nayo, Lindi mtandao upo. Bi Sitara akamjibu: Lindi mtandao upo, Badria hayupo.

Somo, jina langu hilo nimeliandika nikaweka kalamu chini.

Maimuna kaniamkia kwa heshima zote. Kaniita dada Badria. Kasema, yeye hajui hayo mambo yangu na hayaingilii, lakini kama nina neno lolote la kumwambia mama yake, nimwambie, maana jicho haliwezi kusubiri. Alikuwa mbele yangu. Spika zilikuwa gotini pangu. Ningeinua kanga tu.

Nikamwambia nitaliangalia jambo hilo.

Nitaliangalia! Kama waziri!

Jumanne, 12 Agosti

Nimepata njia. Usinikasirikie mpaka umalize kusoma.

Anachongoja Bi Sitara ni nini? Simu ya Nurdin. Akiipata, ataenda Lindi. Basi aipate. Tunamtafuta mtu, anapiga, anasema mimi Nurdin, niko mzima, nenda mama ukatibiwe, laini inakatika, kwaheri. Jicho linapona. Nurdin wa kweli akipiga siku nyingine, itakuwa mara ya pili, heri zaidi. Namba hawezi kuisoma. Nimelizungusha kichwani tangu alfajiri na sikuona tundu.

Sauti ya kijana ninayemjua ni moja tu. Nimekwenda kwa Pantaleo. Mimi! Baada ya yale ya betri!

Kwanza kakataa. Kasema mama, Jumapili nimekomunika kanisani, halafu Jumanne nimdanganye bibi wa watu? Nikamwambia ni uongo wa kuokoa jicho. Kafikiri, huku anapanga soksi kwa rangi. Kasema haya, lakini betri ya kipaza sauti nitachaji kwenye soketi yako, na meza yangu isogee ndani kidogo, jua linaniumiza. Nikakubali. Nimempa mlango wangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Tumefanya mazoezi kwenye chumba cha karatasi. Aliniuliza Nurdin ana sauti gani. Nikasema ya mtu aliye mbali. Akarudi nyuma mpaka ukutani, akajaribu. Ilifaa.

Nimemwagiza kesho aende mbali kabisa, mpaka mtaa wa pili, ndipo apige.

Jumatano, 13 Agosti

Ee Mola, ipasue ardhi inimeze.

Bi Sitara kitini, Maimuna kasimama nyuma yake. Kitochi peke yake juu ya kaunta. Titi-titi gotini. Nikafumba macho. Nikagusa kaunta. Nikasema: Bi Sitara, huyo ni Nurdin.

Nimelitaja jina, somo. Sikuishia kwenye namna ya kunyamaza.

Kikaita. Akapokea, akaweka sauti ya nje ili bintiye asikie. Shikamoo mama, ni mimi Nurdin. Ilikuwa nzuri! Ya mbali hasa! Bi Sitara akaitika marahaba mara nne, tano, hakuweza kuacha. Na kabla Pantaleo hajafika kwenye habari za Lindi, yeye akaanza kumwombea. Mungu akupe riziki mwanangu. Akufungulie kila mlango. Akupe mke mwenye heri asiyekununia. Machozi yanashuka kwenye jicho zima na kwenye lile lililofungika. Maimuna naye kashika mdomo.

Halafu kutoka ndani ya simu: Soksi jero! Usivae kiatu kama mkiwa!

Na kutoka nje ya mlango, palepale, nusu pumzi mbele yake: Soksi jero! Usivae kiatu kama mkiwa!

Hakwenda mtaa wa pili. Alijificha nyuma ya nguzo ya baraza langu, maana angemwachia nani soksi? Na kipaza sauti hakukizima, maana betri ilikuwa imejaa, kutoka kwenye soketi yangu.

Bi Sitara kasikiliza simu. Kasikiliza mlango. Simu, mlango. Pantaleo kachanganyikiwa, kasema kwa haraka nenda Lindi mama laini inakatika. Na akamalizia kama anavyomuaga mama yake mzazi kila siku: Haya, Bwana asifiwe!

Hakuna aliyecheka. Hata wapagazi wa mlangoni hawakucheka, na wale huchekea misiba. Bi Sitara akakata simu kwa kupapasa kitufe. Akaniuliza, taratibu, kama nilijua. Goti langu likagonga spika, kanga ikateleza chini. Maimuna akainama, akaziona. Akauliza hizi ni nini. Nikamweleza yote, kuanzia shehe na panzi. Nilikuwa nazungumza na viatu vyangu.

Bi Sitara akashika mkono wa bintiye, wakatoka. Walipofika kwenye soksi, Pantaleo akaziondoa zote njiani wapite.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekwenda kumwomba msamaha. Kanikaribisha, kanipa kigoda. Ndiyo adhabu ya kwanza, kukaribishwa. Alikuwa anakoroga unga wa vitumbua, hakuacha kukoroga.

Nikasema nilidhani atanikasirikia kwa ajili ya spika. Kasema spika hazijamuuma. Yeye mwenyewe alitaka kudanganywa, alikaa kitini kwa miguu yake. Kilichomuuma ni zile dua. Kasema, mwanangu Badria, tangu Shaabani nimezibeba dua za Nurdin mdomoni, nazihifadhi, siku akipiga nimpe zote akisikia. Nimezitoa zote. Zimekwenda kwa muuza soksi.

Ungejibu nini? Nikasema Mungu anajua zilikuwa za nani. Kasema hilo anatumaini, lakini jana jioni amepita kwa jirani akasikia kwamba Pantaleo ameuza soksi zote mpaka zile za maonyesho, na mchumba wake wa Masasi kampigia simu mwenyewe, wamepatana.

Riziki. Mke. Na mlango ni wangu, nilimfungulia mimi!

Nikalia. Naye akacheka, kidogo tu, mwiko mkononi. Kisha akaacha kucheka. Kasema ataenda Lindi, maana sasa hapa hana anayemngojea. Nikamuuliza, umenisamehe, mama? Kasema msamaha utakuja wenyewe siku yake. Usiutabiri.

Jumamosi, 16 Agosti

Wameondoka asubuhi. Nilipeleka maji na biskuti za safari. Maimuna kapokea, Bi Sitara kaniitikia salamu, hakuongeza neno.

Nimerudi nikaziweka spika juu ya kaunta, kila mtu aone. Nimewaeleza wateja wote: simu ikikaribia kuita, spika inalia, basi, mimi sijui kitu. Mpagazi yule wa kubusu mkono kasema watu wa Mungu ndivyo walivyo, hujificha. Nikapiga kelele kwamba nimesema uongo! Akamwambia mwenzake, unaona unyenyekevu?

Muuza chipsi yeye kaamini mara moja. Kasema alijua tangu foili.

Nimezifunga kwenye boksi, boksi juu ya kabati. Nimetubu. Nimemwomba Pantaleo radhi pia, kwa maneno, si kwa kukohoa. Kasema hakuna shida mama, halafu kasogeza meza ndani tena kidogo.

Ijumaa, 22 Agosti

Alhamdulillah! Alhamdulillah! Somo, kaa chini!

Maimuna kapiga simu. Jicho limefanyiwa upasuaji, bandeji imetolewa, Bi Sitara kaona rangi ya ukuta na kaikemea. Na Nurdin kapiga! Nurdin wa kweli! Yuko Maputo, anaosha vyombo hotelini. Simu ilimwangukia baharini na namba zote, mpaka juzi amekutana na mtu wa Gerezani mwenye namba ya mama. Maimuna kasema mama yao alidhani dua zimeisha, kumbe zilikuwa tele, mpaka salio la mtoto likaisha. Na kanitumia salamu: amenisamehe. Dua za Pantaleo kamwachia, azitumie vizuri.

Nimesujudu palepale kati ya makaratasi. Nimelia mpaka mteja akaenda kutoa kopi kwingine.

Sasa nikuambie jambo moja, na hili ni letu wawili. Nilimuuliza Maimuna, Nurdin alipiga lini hasa? Kasema jana, baada ya Alasiri.

Jana baada ya Alasiri, somo, nilikuwa nimeziteremsha spika. Kuzipangusa vumbi tu. Nikazichomeka kidogo, nione kama bado nzima. Na zikalia! Titi-titi-titi! Kitochi changu kilikuwa kabatini. Kaunta tupu! Pantaleo anasema ni kitochi chake, kilikuwa mfukoni mwake na alikuwa ameinama kwenye soketi. Inawezekana. Lakini Pantaleo ni muuza soksi, atajuaje mambo haya? Mbona moyo wangu saa ileile ulistuka? Pengine siku zile zote nilidhani nadanganya, kumbe nilikuwa nimepewa kitu na mwenyewe sijijui. Sisemi ndivyo. Nasema pengine.

Spika nimezirudisha chini ya kaunta, kwa uchunguzi. Mpagazi mmoja tu ndiye nimemwambia. Na mama wa vifungo.

Leo baada ya sala ya Ijumaa zimelia tena, na jina lililonijia moyoni ni lako. Wazi kabisa, Mgeni. Kurasa hizi zinapanda basi la kesho. Ukizipata niambie, Ijumaa mchana nani alikupigia simu? Hata kama alibipu tu. Tafadhali nijibu upesi.